Penseli, kompyuta, kliniki au miwani ya prizimu: njia ipi kwa mtoto ambaye macho yake hayakutani kwenye kitabu?

Mwanangu alikuwa darasa la nne aliponiambia, "Mama, maneno yanaogelea." Ilikuwa jioni, nyumbani Tabata, Dar es Salaam, kitabu cha Kiswahili kiko mezani, na mimi nimechoshwa na foleni ya barabara ya Mandela. Nikamwambia asome tu. Akasoma mstari mmoja, akaruka wa pili, akarudi kwenye ule aliokwisha kuusoma. Kisha akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akasoma mistari mitatu bila kukwama. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikulielewa. Ulipita zaidi ya mwaka kabla sijaelewa, na katika mwaka huo mtoto aliitwa mvivu na watu wawili: mwalimu wake, na mimi.

Tulikuwa tumempima. Duka moja la miwani lilimsimamisha mbele ya chati ya ukutani, akasoma mpaka herufi ndogo za chini, tukaambiwa macho mazima. Hawakudanganya. Chati ile husomwa kutoka mita 6, na kwa umbali huo macho mawili huangalia mbele karibu sambamba. Kitabu kinataka kitu kingine. Mtoto akiinamia ukurasa ulio sentimita 30 au 40 kutoka usoni, macho yote mawili lazima yageuke kuelekea puani kwa kiasi kile kile, yatue kwenye neno lile lile, na yabaki hapo mstari baada ya mstari. Kila jicho lina misuli sita inayoligeuza, na ule wa upande wa pua ndio hufanya kazi kubwa wakati wa kusoma. Kuna watoto ambao macho yao hupenda kufunguka kwenda nje kila kitu kinapokaribia. Wanayarudisha kwa nguvu, yanachoka, yanaachia. Hapo neno moja linakuwa mawili, au linatetemeka, au mtoto anapotea kwenye mstari. Hali hii ilielezwa na daktari Mjerumani, Albrecht von Graefe, mwaka 1855, kwa hiyo si ugonjwa uliozaliwa na simu. Kwa lugha yetu naiita macho kushindwa kukutana karibu.

Nimeandika haya kwa mzazi ambaye tayari ameambiwa na mtaalamu kwamba mtoto ana tatizo hilo, na sasa ametajiwa njia mbili tatu za kulishughulikia na hajui ashike ipi. Kama hujafika hapo, anza na sehemu inayofuata. Kama umeshafika, isome hata hivyo, maana kuna wanaopewa tiba kabla ya kipimo.

Kwanza, uhakika

Mtaalamu hatakiwi kuishia kwenye chati. Atasogeza kitu kidogo, ncha ya kalamu au picha ndogo, kuelekea pua ya mtoto na kupima umbali ambapo kinagawanyika kuwa viwili au jicho moja linakiacha. Likitokea sentimita 6 au zaidi kutoka usoni, ni dalili. Atalinganisha namna macho yanavyovutwa nje kwa kitu cha mbali na kwa kitu cha karibu, kwa sababu kwa watoto hawa cha karibu ndicho huyavuta zaidi. Kisha ataweka vioo vya prizimu, vile vinavyopindisha mwanga, mbele ya macho aone akiba ya nguvu iliyobaki ya kuyaunganisha. Wengi pia hutumia maswali 15 kuhusu dalili: kichwa kinauma ukisoma? unasinzia? unasoma mstari ule ule mara mbili? maneno yanatembea? Kila jibu lina alama 0 mpaka 4, na mtoto mwenye jumla ya 16 au zaidi anahesabiwa kuwa na dalili za kutosha kumsumbua.

Omba pia apimwe kwa matone yanayolegeza macho na kupanua mboni. Mtoto anayehitaji miwani ya kawaida ya kuona karibu anaweza kulalamika vile vile, na miwani hiyo pekee ikammalizia tatizo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya macho, hospitali ya CCBRT kule Msasani nayo ina kliniki ya macho, na huko ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kaunta ya fremu.

Mambo machache hayasubiri ulinganisho wowote: mtoto ameanza ghafla kuona viwili viwili, hasa kwa mbali, kope limeshuka, kichwa kinauma asubuhi na anatapika, ameanguka akapiga kichwa, au jicho linakwenda upande wazi wazi. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja nililojifunza kwa Kiswahili chetu chenyewe. Maandishi yetu yanasomeka yanavyoandikwa. Aliyezishika silabi anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa hiyo mtoto anayesoma bila shida herufi kubwa za ubaoni, halafu akavurugika baada ya dakika kumi za kitabu, ananifanya nishuku macho. Mtoto anayekwama kwenye silabi zile zile ubaoni, kitabuni, na hata ukimtajia kwa mdomo aziunganishe, tatizo lake huenda ni la kusoma kwenyewe, na hakuna zoezi la macho litakalolitibu. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba mafunzo ya macho hayatibu ulemavu wa kusoma, huku vikikubali kwamba macho kushindwa kukutana karibu ni hali inayotibika. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili pia. Maneno yetu marefu hayamwonei huruma: "hawakutuambia", "waliotutangulia". Ukiyumba katikati, neno lote limekwenda, na mistari miwili inayoanza na "wali-" hubadilishana nafasi machoni pake.

Nimezipima njia kwa lipi

Maswali ni matano, na kila njia nimeiuliza yale yale. Inafanya nini hasa kwenye macho? Inakula muda gani? Inagusa mfuko wapi? Nani anaisimamia? Na ilipopimwa kwa utafiti, ilionekanaje?

Kwa swali la mwisho nitautaja utafiti mmoja mara kwa mara, kwa hiyo niueleze mara moja. Mwaka 2008 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya watoto 221 wa miaka 9 hadi 17, wote wana tatizo hili na dalili zake. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi manne: penseli nyumbani, programu ya kompyuta nyumbani pamoja na penseli, mazoezi kliniki pamoja na ya nyumbani, na mazoezi bandia ya kliniki yaliyofanana na ya kweli. Wiki 12 kila kundi. Kundi la bandia nalo, asilimia 35 walipona au kupata nafuu iliyopimika. Ishike namba hiyo, maana ndiyo kizingiti ambacho njia nyingine lazima ikivuke.

Penseli nyumbani

Hii ndiyo wengi tunapewa kwanza. Mtoto anashika penseli kwa mkono ulionyooka, anatazama herufi ndogo iliyoandikwa juu yake, anaivuta taratibu kuelekea pua huku akijitahidi ibaki moja. Ikigawanyika anasimama na kujaribu kuiunganisha. Ikikataa, anairudisha nyuma kidogo na kuanza tena. Inaifundisha misuli na ubongo kufanya tendo lile lile ambalo kitabu kinalidai.

Muda ni dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki 12 ni saa 15 za maisha yenu. Gharama ni penseli.

Msimamizi ni wewe, na hapa ndipo njia hii husimama au kuanguka. Mtoto akiachwa peke yake anavuta penseli mpaka puani na kusema "moja, moja, moja" huku jicho moja limeshakwenda zake. Lazima mtu akae mbele yake aangalie macho yote mawili. Tena ubongo wa mtoto aliyechoka una hila: unazima picha ya jicho moja, naye anaona penseli moja kwa uaminifu kabisa, huku akitumia jicho moja. Dawa yake ni kuweka kitu nyuma ya penseli, tuseme kitasa cha mlango. Macho yakiwa yamekutana kwenye penseli, kitasa huonekana viwili. Mtoto akikuambia kitasa ni kimoja, zoezi halifanyiki.

Uzi wa shanga nao hufanya kazi hiyo hiyo, na nyumba gani ya Kiswahili inakosa shanga? Shanga tatu za rangi tofauti kwenye uzi wa mita kama tatu, ncha moja imefungwa dirishani, nyingine mtoto ameishika kwenye ncha ya pua. Akiitazama shanga ya kati, aone nyuzi mbili zikikatana pale pale kwenye shanga. Akiona uzi mmoja, jicho moja limezimwa. Zikikatana nyuma ya shanga, macho hayajafika. Chombo hiki kina jina la Frederick Brock, mtaalamu wa macho wa Marekani, lakini bibi yake mwanangu alipokiona alimwambia, "Mjukuu wangu, leo shanga zimepata kazi nyingine," na tangu siku hiyo bibi akawa ndiye msimamizi wetu.

Kwenye utafiti ule, kundi la penseli lilipata asilimia 43. Ni juu ya kizingiti, ila kwa tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuweza kuitenga na bahati. Siyo kwamba haifai. Wapo waliopona kwayo. Ila anayekuambia "fanya penseli utaona" bila kukupangia siku ya kurudi kupimwa amekuachia njia nusu.

Inamfaa mtoto mwenye tatizo la kiasi, nyumba yenye mtu mzima anayepatikana jioni, na familia iliyo mbali na kliniki.

Kompyuta nyumbani

Programu huonyesha picha mbili, moja kwa kila jicho, mara nyingi kwa miwani ya plastiki yenye kioo chekundu na cha buluu, na mtoto anaziunganisha huku mashine ikiongeza ugumu. Inachofanya kwa macho ni kilekile cha penseli, ila kwa ngazi zinazopimwa na kumbukumbu inayohifadhiwa, hivyo mtaalamu anaweza kuona kama mtoto anapanda. Watoto huipenda wiki za mwanzo. Muda unakaribiana na wa penseli. Mfukoni inataka kompyuta, malipo ya programu na umeme usiokatika saa hiyo. Msimamizi bado anahitajika, kwa sababu mtoto mwerevu hujifunza kubahatisha jibu.

Utafiti wa 2008 uliipa asilimia 33, yaani hata kizingiti haikukivuka. Kwa hiyo nisingeuza kitu ndani ya nyumba ili niinunue. Inamfaa aliye na kompyuta tayari, ambaye mtaalamu wake ataitumia kama kiambatanisho, na mtoto aliyeichoka penseli.

Kliniki pamoja na nyumbani

Hapa mtoto anakaa na mtaalamu saa moja kwa wiki, kisha anafanya dakika 15 nyumbani siku tano. Mazoezi si aina moja: kuna uzi wa shanga, kuna picha za prizimu, kuna lensi za kubadilisha ili macho yajifunze pia kulenga karibu na mbali kwa haraka. Mtaalamu anapandisha ugumu wiki kwa wiki na kuona pale mtoto anapodanganya bila kujua.

Hesabu ya muda ni nzito. Saa 12 za kliniki na 15 za nyumbani, jumla 27, na hapo sijaitia barabara. Kwa anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto, safari 12 za kwenda na 12 za kurudi, watu wawili, daladala mbili au daladala na Mwendokasi, ni nusu siku kila wiki. Mtoto anakosa vipindi, mzazi anaomba ruhusa kazini au anafunga genge. Nimekaa kwenye benchi za kliniki na akina mama waliokuwa wakihesabu nauli kwa vidole. Gharama hiyo ni ya kweli kama ya dawa, na mtaalamu mwema huiuliza kabla ya kupanga ratiba.

Upatikanaji nao ni kikwazo. Wanaopima macho mjini ni wengi; wanaokaa na mtoto kumfanyisha mazoezi haya wiki baada ya wiki ni wachache. Piga simu kabla ya kupanda gari na uulize wazi: "Mnafanya mazoezi ya kukutanisha macho kwa watoto, au mnatoa miwani tu?" Uliza pia bima yako inagharamia nini, mazoezi au kipimo peke yake.

Utafiti ule uliipa njia hii asilimia 73. Katika njia tatu za kweli zilizopimwa humo, ndiyo pekee iliyoacha kizingiti mbali. Namba hiyo ilipatikana kwa mtaalamu aliyefunzwa na watoto waliohudhuria. Mtoto anayekuja wiki moja na kukosa mbili hayumo ndani yake.

Inamfaa mtoto mwenye dalili nzito, aliyejaribu penseli kwa uaminifu bila kusogea, au asiye na mtu wa kumsimamia vizuri nyumbani.

Miwani ya prizimu ya kusomea

Prizimu hupindisha mwanga ili kitabu kionekane mahali ambapo macho hayahitaji kugeuka sana ndani. Haifundishi misuli kitu. Inapunguza mzigo wakati imevaliwa. Muda haichukui, usimamizi ni mdogo, na gharama ni ya lensi maalumu ambazo hubadilishwa mtoto akikua au akizivunja.

Kwa mzazi aliyechoka ndiyo inayovutia kuliko zote, ndiyo maana naomba uisome sentensi hii mara mbili. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watoto 72, nusu walipewa miwani yenye prizimu na nusu miwani ya kusomea isiyo na prizimu, na baada ya wiki sita hawakutofautiana. Wote walipungukiwa dalili, wenye prizimu na wasio nayo. Kwa watu wazima habari ni nyingine, na kwa mtoto ambaye kwa sababu ya ugonjwa mwingine hawezi kufanya mazoezi, mtaalamu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuitoa. Akikuandikia kwa mtoto mzima wa viungo ikiwa tiba ya kwanza, una haki ya kuuliza kwa nini.

Usichotakiwa kukitarajia

Hili liliniuma, na nalisema ili lisikuume ukiwa umeshalipa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani, watoto 311 wa miaka 9 hadi 14, wiki 16 za mazoezi ya kliniki ya kweli au bandia. Swali lilikuwa: macho yakitengenezwa, mtoto ataelewa zaidi anachosoma? Alama za ufahamu zilipanda makundi yote mawili, na wenye mazoezi ya kweli hawakuwazidi wa bandia.

Kwangu maana yake ni hii: mazoezi yanaweza kumwondolea mtoto maumivu ya kichwa na maneno yanayoogelea, hiyo peke yake inatosha kuyafanya, lakini miezi aliyokuwa harudi na kitu kutoka kwenye ukurasa hairudishwi na penseli. Inarudishwa na mtu kukaa naye kusoma. Mwanangu macho yalipotulia bado alikuwa nyuma, tukaanza hadithi fupi upya kama mtoto wa darasa la pili, naye hakuona aibu kwa sababu mimi nilisoma ukurasa mmoja na yeye mmoja.

Wakati huo wote, njia yoyote mliyochagua, mwombe mwalimu mambo matatu: rula au kadi chini ya mstari anaosoma, kupumzisha macho kila baada ya dakika chache kwa kutazama mbali dirishani, na asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa mpaka atakapokuwa tayari. Darasa lenye watoto wengi kitabu kimoja husomwa na wawili watatu, na yule wa pembeni hukitazama kwa mshazari; mwanangu aliwekwa katikati na siku hiyo hiyo aliniletea habari.

Kwa hali yako

Kama hujapata kipimo cha karibu na cha matone, usichague kitu chochote hapa bado.

Kama kuna mtu mzima wa kukaa naye robo saa kila jioni, na kliniki ni mbali au fedha haipo, shika penseli na uzi wa shanga, lakini uondoke kwa mtaalamu na tarehe ya kurudi mkononi. Wiki sita za bidii zisipopunguza hata sentimita moja kwenye kile kipimo cha ncha ya kalamu, si kosa la mtoto, badilisha njia.

Kama dalili zinamtoa machozi, na unaweza kuzibeba safari, nenda kliniki moja kwa moja. Kama unaweza kuzibeba nusu tu, mwambie mtaalamu hivyo hivyo. Wapo wanaokubali kumwona mtoto kila wiki mbili na kumfundisha msimamizi wa nyumbani vizuri zaidi. Si ratiba iliyopimwa kwenye utafiti, ila inahudhurika.

Kama nyumbani hakuna wa kusimamia, wewe unarudi saa tatu usiku na dada wa kazi naye ana yake, angalia shangazi, kaka wa sekondari, au mwalimu wa twisheni. Mfundishe hila ya kitasa cha mlango. Msimamizi anayejua kuangalia macho mawili anatosha, hata kama hajui kingine.

Kama una kompyuta na mtoto ameichoka penseli, iingize programu katikati, lakini penseli isitoke.

Kama umeandikiwa prizimu, uliza swali lile kabla ya kulipia fremu.

Na kama mtoto anakwama hata kwenye herufi kubwa za ubaoni, mpeleke macho yapimwe, na wiki hiyo hiyo zungumza na mwalimu kuhusu kusoma kwenyewe. Usingoje kimoja kiishe ndipo uanze kingine.